Je, ni Usaliti Kumwacha Uliyeshinda Naye?



Wazee wametuachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza yasema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Maana yake, usikitupe kitu chako cha siku nyingi kwa kutamani kipya kinachopita tu mbele ya macho yako. Ya pili yasema: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Yaani, mtu azungukaye ufukoni hakosi samaki wa kitoweo. Asiyejifunga mahali pamoja hupata zaidi. Basi, tufuate ipi? Mtu aliyemtumikia bwana mmoja miaka mingi, akapata jina na heshima kwake, je, aweza kumwacha katika siku za mwisho za kazi yake, akaenda kwa yule aliyekuwa mpinzani wa bwana wake?

Swali hili haliko mbali nasi. Barabara itokayo Goma yapita uwanda wa Rwindi, yapanda mlima mpaka Kanyabayonga, kisha yaendelea Kirumba, Lubero na Butembo. Katika barabara hiyo vijana wengi hujipatia chakula kwa pikipiki. Mwenye pikipiki ni mmoja, mwendeshaji ni mwingine, na kila siku au kila juma mwendeshaji humpelekea mwenye mali fedha waliyopatana. Siku atakapomrudishia tajiri wake ufunguo, na kesho yake akaonekana juu ya pikipiki ya tajiri mwingine, maneno huanza sokoni: "Fadhila ya punda ni mateke!" Labda wasemao hivyo wana haki. Labda hawana. Ili tuamue kwa akili wala si kwa hasira, tutazame kwanza mambo ya watu mashuhuri, ambao matendo yao yamejulikana duniani pote.

MFANO WA KWANZA

Katika mashindano makubwa ya pikipiki duniani hakuna mtu ashindaye peke yake. Kiwanda huunda chombo, mafundi hukitengeneza usiku na mchana, naye mwendeshaji hukipanda na kukikimbiza, mara nyingine kupita kilomita 300 kwa saa. Wote hao pamoja ni kikosi kimoja. Mwendeshaji na kikosi hufungana kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili au zaidi.

Valentino Rossi ni Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1979. Akiwa na kikosi cha Honda alipata ubingwa wa daraja la juu mara tatu, mwaka 2001, 2002 na 2003. Kisha, hali yu kileleni, akawaacha Honda, akaenda kwa Yamaha, ambao hawakuwa wamepata ubingwa huo tangu mwaka 1992. Wengi walimwona mpumbavu. Lakini tarehe 18 Aprili 2004, mjini Welkom katika Afrika ya Kusini, alishinda shindano lake la kwanza juu ya Yamaha, na mwaka uleule akawa bingwa. Aliupata ubingwa tena mwaka 2005, 2008 na 2009.

Mwaka 2010 mambo yalibadilika. Mwezi wa Juni Rossi alianguka na kuvunjika mguu. Ubingwa wa mwaka ule ulichukuliwa na Jorge Lorenzo, Mhispania, mdogo wake kwa miaka minane, aliyekuwa katika kikosi kilekile cha Yamaha. Rossi alikuwa na umri wa miaka 31, naye alikuwa ameshindana duniani tangu mwaka 1996. Akahama mara ya pili, sasa kwa Ducati, kiwanda cha nchi yake mwenyewe. Waitalia walifurahi mno: bingwa wao juu ya chombo chao! Lakini chombo kile hakikumtii. Kwa miaka miwili, 2011 na 2012, hakushinda hata shindano moja. Mwaka 2013, akiwa na miaka 34, alirudi kwa Yamaha, nao wakampokea. Mwaka huo alishinda tena pale Assen, nchini Uholanzi, na mwaka 2014, 2015 na 2016 alikuwa wa pili katika ubingwa. Aliacha mashindano mwezi wa Novemba 2021, mwenye umri wa miaka 42.

MFANO WA PILI

Marc Márquez ni Mhispania aliyezaliwa mwaka 1993. Juu ya Honda alikuwa bingwa wa daraja la juu mara sita, kati ya mwaka 2013 na 2019. Mwezi wa Julai 2020 alianguka pale Jerez, akavunjika mfupa wa mkono wa kuume. Alipasuliwa mkono huo mara nne. Honda nao walidhoofika, na pikipiki yao haikuwa tena na nguvu ya zamani. Mwezi wa Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba Márquez na Honda wataachana. Akaenda kwa Gresini, kikosi kidogo ambako ndugu yake mdogo alikuwamo tayari, akapewa pikipiki ya Ducati ya mwaka uliopita. Bingwa wa mara sita akakubali kuanza tena nyuma ya wengine. Mwezi wa Septemba 2024 alishinda tena, baada ya siku zaidi ya elfu moja bila ushindi. Mwaka 2025 Ducati wenyewe walimchukua katika kikosi chao kikuu, na tarehe 28 Septemba 2025, pale Motegi nchini Japani, katika uwanja ulio mali ya Honda, akawa bingwa wa dunia.

TUSIPIME TENDO KWA KIKOMBE

Ukiwauliza watu wengi juu ya habari hizi, watajibu upesi: Rossi alifanya vema kuhama mwaka 2004, alifanya vibaya kuhama mwaka 2011, naye Márquez alifanya vema. Kwa nini? Kwa sababu wa kwanza alishinda, wa pili alishindwa, wa tatu alishinda. Hapo yatupasa kusimama, kwa maana jibu hilo si jibu.

Mtu akivunja ahadi, na shamba alilolipata kwa kuvunja ahadi likazaa mahindi tele, je, mahindi yatamfanya kuwa mwaminifu? La. Na mtu akitimiza ahadi, kisha mvua ya mawe ikaharibu shamba lake, je, amekuwa mwongo? Wala huyu. Mavuno hutufundisha kama mkulima alikuwa na bahati, au kama aliujua udongo. Hayatufundishi kama alikuwa mwenye haki. Ndivyo ilivyo kwa Rossi. Pengine alikosea kuifahamu pikipiki ya Ducati. Lakini kosa la kuifahamu pikipiki si dhambi. Tukitaka kujua kama mtu ametenda haki au amesaliti, hatuna budi kutazama mambo yaliyokuwa mikononi mwake siku ile alipoamua, wala si kikombe kilichokuja baadaye au kilichokosekana.

Mambo hayo ni manne: ahadi yake, mali ya bwana wake, shukrani yake, na nia ya moyo wake.

KWANZA, AHADI

Asiyetimiza ahadi ni msaliti hata akikaa mahali palepale, na aliyetimiza ahadi yake yote si msaliti hata akienda. Mwaka 2003 Rossi alikwisha amua kuwaacha Honda, lakini mkataba ulikuwa unamfunga mpaka mwisho wa mwaka. Honda hawakumpa ruhusa ya kuijaribu Yamaha kabla ya siku hiyo. Basi akangoja, akaipanda Januari 2004. Mwaka 2010 ilikuwa kinyume: Yamaha walimruhusu kuijaribu Ducati mwezi wa Novemba, hali mkataba wao haujaisha bado. Honda walidai haki yao yote, wala hawakukosa. Yamaha walitoa kuliko walivyodaiwa, na huo ndio ukarimu.

Tazama pia Márquez. Mkataba wake ulikuwa wa kufika mwisho wa mwaka 2024, naye aliondoka mwaka mmoja kabla. Je, alivunja ahadi? Hakutoroka usiku. Alikwenda kwa wakubwa wake, wakasemezana, wakakubaliana. Ahadi iliyofungwa na watu wawili yaweza kufunguliwa na watu hao wawili. Lakini mmoja akiifungua peke yake kwa siri, huyo ameiba.

Hapa nawaomba, ndugu wakatekumeni, mwe waangalifu. Zipo ahadi za muda na zipo ahadi za maisha. Mkataba wa kazi una mwanzo na mwisho, na wote wawili waujua mwisho huo tangu siku ya kwanza. Ndoa si hivyo. Mtu asichukue maneno haya yanayohusu pikipiki na kuyapeleka nyumbani kwake, akamwambia mke aliyezeeka naye: "Kuhama ni ruhusa." Mke si kikosi, wala mume si tajiri wa pikipiki.

PILI, MALI YA BWANA

Mtu akihama, achukue kilicho chake, aache kisicho chake. Lakini kilicho chake ni kipi?

Katika Afrika ya Mashariki alikuwako mtu mmoja maarufu, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, mwaka 1932. Yeye hakushindana kwa pikipiki bali kwa magari, katika shindano la Safari, lililokuwa likipita siku zile katika barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo, ambalo halikuwa jipya, kwa kuwa lilikwisha tumiwa na wengine. Baadaye aliendesha magari ya viwanda vingine. Mwaka 1974, mwenye miaka 42, na tena mwaka 1976, mwenye miaka 44, alishinda katika gari la Mitsubishi, akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Sasa nauliza: macho ya Joginder yaliyotambua matope yenye kina na matope mepesi, masikio yake yaliyosikia injini inayoanza kuumwa, subira yake mtoni penye maji mengi, je, hayo yalikuwa mali ya Volvo? Hapana. Ujuzi uliokwisha kuingia mikononi mwa mtu ni wake. Fundi akihama hawezi kuikata mikono yake na kuiacha kwa tajiri.

Lakini yapo mambo mengine. Michoro ya injini, hesabu za kiwanda, siri aliyoambiwa mtu kwa sababu aliaminiwa, hayo si yake. Vivyo hivyo kwetu: karani wa mnunuzi wa kahawa akihamia kwa mnunuzi mwingine, aweza kuchukua akili yake ya kutambua kahawa nzuri. Asichukue daftari la bei la tajiri wa kwanza. Naye mwendeshaji wa pikipiki arudishe ufunguo, arudishe vyombo, aseme wazi kasoro ya breki aliyoijua, ili mwenzake atakayeipanda asife.

TATU, SHUKRANI

Mtu atanipinga hapa, na kusema: "Pasipo kiwanda kile, mkongwe huyu asingejulikana. Walimlea, wakampa jina. Awezaje kwenda kushindana nao?"

Neno hili lina uzito, nasi tusilidharau. Lakini tutenge madeni mawili. Lipo deni la haki na lipo deni la shukrani. Deni la haki lina kipimo na mwisho: ulipewa mshahara, ulitoa kazi, ulipewa pikipiki, ulitoa ushindi. Kiwanda kilimpa mtu jina, naye mtu alikipa kiwanda jina. Mkataba ukiisha, deni hilo limelipwa pande zote mbili. Deni la shukrani halina mwisho. Lakini pia halimfungi mtu miguu kama mtumwa. Shukrani yataka nini? Yataka mtu aage kwa heshima. Yataka asiwatukane aliokula nao. Yataka akikutana nao njiani awaamkie kwanza. Yataka, wakipatwa na shida, awakumbuke. Haitaki akae nao mpaka afe.

Na shukrani ya kweli hupelekwa kwa watu kuliko kwa chombo. Pikipiki haina moyo, wala haitalia ukiiacha. Rossi alipohama mwaka 2004, fundi wake mkuu, Jeremy Burgess wa Australia, na wengi wa mafundi wake waliondoka Honda pamoja naye. Burgess alimfuata kwa Yamaha, akamfuata kwa Ducati, akarudi naye kwa Yamaha. Mwisho wa mwaka 2013 Rossi aliamua kuendelea na fundi mkuu mwingine, na habari hiyo ilimjia Burgess ghafula. Rossi alikuwa na haki ya kutafuta msaada mpya, maana siku zake za kushindana zilikuwa zinapungua. Hata hivyo, nadhani kila mtu mwenye moyo aona kwamba kuachana huko kulikuwa kuzito kuliko kuviacha viwanda vyote vitatu. Wengi wetu twaogopa kumwudhi tajiri, lakini hatumwogopi rafiki aliyebeba mzigo pamoja nasi. Yafaa iwe kinyume. Rafiki wa kazi astahili kuambiwa mapema, uso kwa uso, naye asisikie habari yake sokoni.

NNE, NIA YA MOYO

Watu wawili waweza kufanya tendo moja, mmoja kwa nia njema na mwingine kwa nia mbaya. Mwaka 2010 wengine walisema Rossi ahama kwa sababu hawezi kuvumilia kijana amzidiye nyumbani mwake. Wengine walisema atafuta kazi ngumu, kama alivyofanya mwaka 2004. Moyo wa mtu hatuuoni, nasi tusijifanye waamuzi wake. Lakini moyo wetu wenyewe twaweza kuuchungua.

Mkongwe hujaribiwa na mambo mawili. La kwanza ni kiburi: hataki kuona kijana akipigiwa makofi mahali alipopigiwa yeye. Mtu akihama kwa ajili hiyo, ataukuta ugonjwa wake katika nyumba mpya, kwa maana amekwenda nao. La pili ni woga uliovaa nguo ya uaminifu. Mtu hukaa mahali ambapo kazi yake imekufa, akisema, "Mimi ni mwaminifu," kumbe anaogopa kuanza upya na kuchekwa. Márquez alikubali kupanda pikipiki ya mwaka uliopita katika kikosi kidogo. Hicho kilikuwa kipimo kizuri cha nia: je, u tayari kushuka ili ufanye kazi yako vema? Ajionaye tayari kupanda tu, wala si kushuka, na ajichunguze.

NAYE BWANA ANA WAJIBU

Si haki kumhukumu mtumishi peke yake. Mara nyingi bwana ndiye anayehama kwanza, ingawa hatoki nyumbani mwake. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Yamaha walitangaza kwamba nafasi ya Rossi katika kikosi chao kikuu itapewa kijana Mfaransa, Fabio Quartararo, kuanzia mwaka 2021. Walikuwa na haki hiyo. Lakini walimwambia mapema, mwaka mzima kabla, na walimwahidi pikipiki nzuri iwapo atataka kuendelea mahali pengine. Basi mwaka 2021 alishindana katika kikosi kidogo chenye pikipiki za Yamaha hizohizo.

Tajiri amfukuzaye mzee wa kazi kama ganda la ndizi, akamnyima hata fedha ya juma la mwisho, asishangae vijana wake wakimtoroka. Aliwafundisha yeye mwenyewe.

JIBU LA SWALI LETU

Kabla ya kumaliza, neno moja kwa wale waliohama pasipo kuchagua. Mwezi wa Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu maelfu waliondoka na watoto na magodoro kichwani. Wengine waliacha kazi, mabwana na madeni. Mtu asiwaite wasaliti. Swali la usaliti humhusu aliyekuwa na uchaguzi. Anayekimbia ili watoto wake wapate kuishi hakumwacha mtu, bali ameokoa watu. Akipata nafasi, na awapelekee habari wale aliofanya nao kazi, na deni lake alilipe atakapoweza. Zaidi ya hayo hadaiwi.

Sasa turudi kwenye methali zetu mbili. Hazipingani kama tulivyodhani. Ya mbacha yamkataza mtu kuhama kwa tamaa ya macho. Ya upwa yampa moyo mtu wa kazi atafutaye riziki yake kwa juhudi. Basi jibu letu ni hili: kumwacha uliyeshinda naye si usaliti kwa yenyewe. Huwa usaliti ukivunja ahadi, ukichukua kisicho chako, ukisahau watu, au ukienda ili kumkomoa mwenzako.

Kwa hiyo wewe uliyemtumikia mtu siku nyingi, na sasa wafikiri kuondoka, jiulize maswali haya, na ujibu kwa dhamiri safi:

Je, muda niliouahidi umekwisha, au tumekubaliana sote wawili kuufupisha?

Je, nimerudisha kila kitu, na siri nilizoaminiwa zitabaki siri?

Je, wenzangu wa kazi wamesikia habari hii kinywani mwangu?

Je, ningeondoka hata kama mahali papya pangekuwa padogo kuliko hapa?

Je, naweza kumtazama bwana wangu usoni, nikampa mkono, nikamshukuru?

Ukiweza kujibu ndiyo kwa yote matano, nenda kwa amani, hata ukiwa na mvi. Ukishinda huko, usiwacheke ulioacha. Ukishindwa, usione haya kubisha hodi ulikotoka, maana aliyeaga vema hukuta mlango haujafungwa.